Pua ya Shangazi

"Harufu gani?"

Shangazi alikuwa amelikunja jani mara mbili na kulisugua kwa kidole gumba mpaka maji yake yakamwingia ukuchani, na sasa alikuwa amelishika chini ya pua yangu. Tulikuwa tumechuchumaa ukingoni mwa mtaro, nyuma ya tanuri la matofali ambalo halikuwa limewashwa kwa miaka mingi, jua la saa nne likituchoma migongo. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikuwa na kazi ya kudumu, mhuri wangu mwenyewe na funguo za chumba cha kupanga, na bado nilikuwa nanusishwa majani kama mtoto wa chekechea.

"Karoti," nikasema.

"Una hakika?"

"Karoti, Shangazi. Tangu asubuhi ni karoti tu."

Alinitazama kitambo. Kisha akalitia jani kikapuni, akaegemea goti lake zima na kuendelea kuchuma pale pale.

Nakiri mapema, nisije nikajipamba huko mbele: sikuwa nimenusa. Jani lilikuwa puani kwangu na mimi nilikuwa nimebana pumzi. Sikuwa na mafua, wala sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikuwa nimechoka kuulizwa, basi. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja asubuhi ile, nilikuwa nahesabu, na kila niliposikia lile swali niliona kama ananivua cheo mbele ya nyasi.

Nilifika kwake nikiwa na miaka sita, na mfuko mmoja wa nguo ambazo nusu yake zilikuwa hazinitoshi tena. Baba yangu, kaka yake wa pekee, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mama aliolewa tena, na huko alikoolewa mtoto wa kuja naye hakutakiwa. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, vikapu vinne vya ukubwa tofauti vilivyotundikwa ukutani, na pua.

Hiyo pua ndiyo iliyompa jina. Sokoni walimwita Bi Pua, na hakuna aliyekuwa akimtania. Muuza maziwa alimpitishia ndoo kabla ya kuimimina kwenye pipa, na Shangazi akitikisa kichwa, maziwa yale yalirudi nyumbani kwa mwenyewe. Muuza asali alimkwepa. Fundi cherehani, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, alimletea vitambaa amwambie kama viliwahi kulala penye unyevu. Mimi aliwahi kunisogelea nikiwa nacheza kibarazani, akaninusa utosini na kusema, "Wewe kesho hutakwenda shule." Kesho yake niliamka nina homa. Niliamini kwamba shangazi yangu angeweza kunusa chochote, hata uongo, na kwa miaka mingi imani hiyo ilinisaidia kuwa mtoto mwema.

Kazi yake ilikuwa kuchuma. Asubuhi alichuma mboga za porini, zile zinazoota bila kupandwa na mtu kwenye mitaro, kingo za mashamba na kando ya mto, akazifunga mafungu kwa majani marefu na kuzipeleka sokoni. Mchana aliwapokea kibarazani watu wenye kikohozi, tumbo na vidonda visivyofunga. Alikuwa na majani ya kujifukiza, mizizi ya kuchemsha, magome ya kusaga. Mtu akija na jambo kubwa kuliko majani alimwambia waziwazi aende hospitali, na kama mtu mwenyewe ni mbishi, alimsindikiza hadi njia panda.

Mimi alinifundisha kwa pua. Alisema majina hubadilika ukivuka mto mmoja tu, kwa hiyo hakunibebesha majina. Jani lilikunjwa, likasuguliwa, likaletwa. Harufu gani? Mwanzoni nilijibu kitoto: inanuka mvua, inanuka sabuni, inanuka kwapa la mwalimu. Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini hakunisahihisha, maana kwapa la mwalimu ndiyo ilikuwa njia yangu ya kulikumbuka lile jani la tumbo, na mpaka leo sijalikosea.

Kulikuwa na jani moja ambalo hakulifanyia mzaha. Lilikuwa limechanika-chanika vipande vidogo kama unyoya wa kifaranga, laini, la kijani kibichi. Tuliliita manyoya. Likiwa changa ni mboga tamu, na mizizi yake huchemshwa kwa wenye maumivu ya kibofu. Ukilisugua linanuka karoti iliyotoka kung'olewa. Lakini karibu nalo, penye majimaji, huota mmea mwingine wenye majani yale yale. Yakishakua makubwa hata mjinga anaweza kuitofautisha mimea hiyo miwili kwa shina. Yakiwa machanga, macho hayasaidii kitu.

"Huyu ni jirani," Shangazi aliniambia mara ya kwanza aliponionyesha. "Anafanana naye, anakaa naye, lakini si ndugu yake. Huyu ukimla anaanza na miguu. Miguu inakataa, halafu mikono, halafu kifua. Na kichwa kinabaki kizima, kinaangalia tu. Nusa."

Nilinusa. Ilikuwa harufu ya kabati ambamo panya wamekojoa. Aliniosha mikono kwa majivu mara tatu, na usiku huo alinilaza kitandani kwake, ubavu wa ukutani, jambo ambalo hakulifanya hata nilipougua.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilipata kazi mjini, kwenye masjala ya hospitali. Masjala ni chumba chenye mafaili kutoka sakafuni hadi darini, meza moja, na dirisha dogo lenye tundu la nusu duara ambalo watu hupitishia kadi. Kazi yangu ilikuwa kupokea kadi, kutafuta faili, kugonga mhuri wa tarehe, na kumwambia mtu aende chumba namba ngapi. Nilikuwa hodari. Niliweza kufanya yote hayo bila kuinua kichwa, na msimamizi alinisifu kwa hilo mbele ya wengine. Nyuso hupoteza muda, alisema, namba hazipotezi.

Nilikaa mjini kwenye chumba chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na jiko la mafuta, na majirani ambao nilisalimiana nao kwa miaka bila kujua walitoka wapi. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na neno la kuliitia jambo hilo wakati ule. Nililiita uchovu. Kila Jumamosi nilipanda basi la alfajiri kwenda kwa Shangazi, nikachuma naye mpaka mchana, na jioni nikarudi na fungu langu la mboga lililofungwa vizuri. Fungu hilo lilinitosha mpaka Jumatano. Alhamisi na Ijumaa nilikula mkate.

Mwaka ule mambo madogo yalianza kubadilika, nami nikayaona yote na nisielewe hata moja. Jumamosi moja nilisikia harufu ya chungu kinachoungua tangu barabarani. Nilikimbia hadi ndani nikamkuta Shangazi ameketi hatua mbili kutoka jikoni, anachambua majani, moshi unapita juu ya kichwa chake. "Bi Pua," nikamtania, "leo pua umeiazima nani?" Alicheka, akainuka, akakiepua chungu kwa pindo la kanga. Alicheka vizuri kabisa. Siku nyingine chumvi ilizidi. Siku nyingine muuza maziwa alipita na ndoo yake, na Shangazi akamwambia asimame kwanza, mtoto wake amefika, mtoto anuse. Nilinusa, nikasema mazima. Nikavimba kichwa kwa fahari siku nzima.

Na maswali yakazidi. Zamani aliniuliza mara moja au mbili, kwa desturi, kama mtu anayekuuliza habari za nyumbani. Sasa kila jani lilikuja puani. Nilidhani uzee unamfanya asahau kwamba nimekua. Nilidhani pia, na hili linanichoma zaidi, kwamba ananidharau kwa sababu nilikwenda kukaa dirishani badala ya kurithi vikapu.

Jumamosi ile tulikuwa mahali papya. Ukingo wetu wa siku zote, ule wa kando ya mto, ulikuwa umezungushiwa ukuta na mtu anayejenga ghala. Shangazi aliuzunguka ukuta ule mara mbili akiugusa kwa kiganja, kisha akasema tujaribu nyuma ya tanuri. Mahali papya palikuwa na sheria yake, na aliishika kuliko sheria zote: kikapu cha kwanza hakiuzwi wala hakigawiwi. Mchumaji mwenyewe hupika kidogo, hula peke yake, na wengine husubiri mpaka kesho yake. Kila mchumaji niliyemjua aliishika sheria hiyo, na wote waliifanyia utani, maana kwa miaka yao yote hakuna aliyewahi kuona ina kazi. Pua zilikuwa zimeshamaliza kazi yote kule kule shambani.

Basi niliposema karoti nikiwa nimebana pumzi, sikufikiri nimefanya jambo kubwa. Nilifikiri nimemkomesha kidogo. Alichuma kile kishada chote, akakitenga upande mmoja wa kikapu kwa jani pana, na hakuniuliza tena. Nikashukuru.

Tulirudi nyumbani. Jioni nilipojiandaa kuondoka nilisimama mlangoni kusubiri fungu langu. Nilijua kwamba cha mahali papya hakigawiwi, lakini kulikuwa na mboga nyingine za njiani ambazo angeweza kunifungia. Alikuwa amenipa kisogo, anaosha sufuria ndogo.

"Haya nenda, mwanangu," akasema. "Basi litakuacha."

Nilikwenda mikono mitupu, nimenuna. Nililala na mkate.

Jumatatu ilianza kama Jumatatu zote. Siku hiyo muuguzi wa wodi ya wanawake huleta orodha ya waliolazwa mwisho wa wiki, ili masjala iwatafutie mafaili yao ya zamani. Alikuja akicheka, ameshika orodha kwa mkono mmoja na kikombe cha chai kwa mwingine.

"Leo tuna kali," akasema. "Kuna bibi kaletwa jana na gari la mkate. Miguu haina nguvu, pumzi inakatika, wamemwekea mashine usiku mzima. Daktari anamuuliza, bibi umekula nini? Anasema, nimekula jirani."

Nikacheka. Niseme hilo pia. Nilicheka kwa sauti, na nadhani ilichukua muda wa kuvuta droo moja na kuifunga ndipo kicheko kikanikauka mdomoni. Niliichukua orodha. Sikuwa na mazoea ya kusoma majina, nilisoma namba tu. Nilisoma majina. La saba lilikuwa na ubini wangu.

Kwenye karatasi iliyobanwa nyuma walikuwa wameandika: mwanamke, mzee, amechanganyikiwa. Katika jengo lile lote, lenye madaktari na maabara, mimi peke yangu nilijua kwamba hakuchanganyikiwa hata kidogo. Nilipanda ngazi mbili mbili. Nilimkuta daktari koridoni nikamweleza, nikihema, kuhusu mmea wenye majani kama unyoya unaoota penye majimaji, kwamba unaanza na miguu na kuishia kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ya maana, akarudi wodini haraka. Baadaye aliniambia kwamba Shangazi alikula kidogo sana, ndiyo maana bado yupo, na kwamba sasa wanajua wanapigana na nini. Hakunishukuru wala kunilaumu, maana hakujua sehemu yangu.

Aliniambia nisubiri saa moja kabla ya kumwona. Sikujua niende wapi, nikarudi masjala. Faili lake lilikuwa halijatolewa bado, na hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, kwa hiyo nililitafuta. Nilitarajia kukuta karatasi za zamani za goti. Nilikuta ukurasa wa miezi mitatu nyuma, chumba namba nne, mwandiko wa tabibu ambaye alikuwa ameshahamishwa.

*Kazi: mchuma majani. Hasikii harufu yoyote tangu alipougua mafua makali. Anauliza kama itarudi. Ameelezwa kwamba huenda isirudi. Anauliza mara ya pili. Ameambiwa asubiri.*

Juu ya ukurasa kulikuwa na mhuri wa tarehe. Mhuri wangu, na kando yake namba ya chumba kwa mwandiko wangu.

Sasa nina miaka sitini na miwili, umri ambao Shangazi alikuwa nao alipolazwa. Watu wakinisikia nikisimulia hufikiri kwamba alikufa pale, na hunipa pole kabla sijamaliza. Hakufa. Wiki ya tatu alitoka kwa miguu yake, akiwa ameshikwa kwapani na fundi cherehani, na aliishi miaka sita mingine. Harufu haikurudi. Vikapu aliviteremsha ukutani siku aliyorudi nyumbani, akanipa mimi, na sokoni akawaambia watu kwamba Bi Pua amestaafu. Hakutaka maswali. Alikula kila kitu kwa adabu, akisifu mapishi yangu kwa kukisia. Huchuma sasa mimi, Jumamosi, peke yangu, na hujinusisha mwenyewe kila jani bila mtu wa kunicheka. Nimekuwa mzuri sana kwa kazi hii. Sina wa kumwambia.

Lakini siku ile kwenye masjala, faili likiwa wazi mezani, kilichonijia kwanza haikuwa hofu ya kifo chake. Ilikuwa ni kukumbuka. Nilikumbuka sauti dirishani ikisema, "Ni mimi, mama." Niliinua kichwa, jambo ambalo sikulifanya mara nyingi, nikamwona Shangazi na kikapu chake kidogo, amevaa kanga ya kutokea. Nilifurahi. Nilimuuliza, "Shikamoo Shangazi, umefuata nini huku?"

"Marahaba. Nilikuwa napita tu, nikaona nicheki na afya."

Nilidhani ni goti. Nyuma yake kulikuwa na watu hadi mlangoni, na mzee mmoja alikuwa ameshaanza kugombana. Nilimwandikia namba nne, nikagonga mhuri, nikamwambia akimaliza asiondoke, akae kwenye benchi, nikipata nafasi tutaongea. Alikwenda namba nne. Alirudi. Alikaa kwenye benchi. Hilo nalikumbuka wazi, kwa sababu nilimwona mara mbili kupitia lile tundu, kikapu kimekaa magotini, mikono juu yake, ananitazama ninavyofanya kazi. Mara ya tatu nilipotazama palikuwa na mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata sikumuuliza walimwambia nini, naye hakusema.

Saa moja ilipotimia nilipanda wodini. Walikuwa wamemwinua kwa mito miwili, mpira wa hewa puani. Nilitazama mpira ule umekaa kwenye pua ile nikaanza kulia kabla sijafika kitandani.

"Usinililie," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito na maneno yalitoka moja moja. "Bado nipo."

Nilivuta kiti. Nilimshika mkono, nao haukunishika. Miguu yake chini ya shuka ilikuwa imetulia namna ambayo miguu ya mtu aliye macho haitulii. Aliniambia kwamba fundi cherehani alishtuka Jumapili asubuhi aliposikia kimya upande wetu, hakuna ufagio, hakuna ndoo. Akamkuta ameketi jikoni hawezi kuinuka. Fundi alitaka mtu aje kunigongea mjini siku ile ile. Yeye akakataa. Alisema nisisumbuliwe, Jumatatu nitamkuta mwenyewe kazini.

Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema tena. Tungezeeka nalo, yeye akiamini ni mikono yake iliyokosea, na mimi nikimwachia aamini.

"Shangazi," nikasema, "lile jani sikulinusa. Lile la mwisho. Nilibana pumzi."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Najua, mama. Nilikuwa nakuangalia pua. Haikucheza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka akalala upande wa ukuta, kutupa nafasi. Nilimtazama Shangazi. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, kama alivyoniambia zamani kwamba kichwa hubaki kizima.

"Kama ulijua, kwa nini ukala?"

Aliutazama mkono wake uliolala ndani ya wangu.

"Ningekuambia unuse tena, ungeniuliza kwani wewe hunusi?" akasema. "Nikaona nionje kidogo. Kama ni mwenyewe, vizuri, nitajua bado naweza. Kama ni jirani, pia nitajua." Akavuta pumzi. "Wewe nilikunyima fungu. Ulinuna."

"Nilinuna."

"Nilikuona."

Nilitaka kumkasirikia. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aibu katika mafua, kwamba ningechuma naye kila jani, ningekuwa pua yake bila mtu kujua, Jumamosi zote za maisha yake, na nisingechoka. Nililiamini hilo wakati nalifikiri. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa nikihesabu maswali pale mtaroni, na nikaona sina haki ya kulisema.

"Ungeniambia tu," nikasema. "Miezi mitatu, Shangazi. Ungeniambia."

"Nilikuja."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza alikoweka ufunguo.

"Nilikaa pale kwenye benchi, nikasema huyu akiinua kichwa tu, nitamwambia. Lakini ulikuwa na foleni."

Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ililia koridoni. Mimi ni mfanyakazi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kunitoa, na chini kulikuwa na karani mwenzangu ambaye angeweza kushika dirisha hadi jioni. Nilijua yote hayo. Nilikuwa bado namshika ule mkono usionishika.

"Nenda," Shangazi akasema, na akafumba macho. "Watu wanakusubiri."

Nilimfunika shuka miguuni, nikashuka. Walikuwa wamefika hadi nje ya mlango. Nikaketi, nikavuta mhuri, nikamwambia wa kwanza anipe kadi yake.